Nukta Tatu kwenye Karatasi ya Mjukuu

Siku ya kwanza waliponiruhusu kuingia chumba cha watoto njiti, nilikuwa na pakiti ya chumvi mfukoni. Nusu kilo, haijafunguliwa. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeipima kwenye mizani yangu mwenyewe pale ghalani Nateete, ikasoma gramu mia tano na nne pamoja na nailoni yake. Watu wengine hupeleka hospitali chupa ya chai na matunda. Mimi nilipeleka chumvi, kwa sababu niliambiwa kwamba kila asubuhi mjukuu wangu atapimwa, na kwamba kuishi kwake au kutoishi kutaonekana kwanza kwenye mizani. Mizani ya mtu nisiyemjua siiamini mpaka niijaribu.

Niseme mimi ni nani, ili usinisome kama mtu aliyesoma. Nilifika darasa la tatu, baba akahamishwa kambi, na shule ikabaki nyuma pamoja na kuku wetu. Baba alikuwa askari na babu yake alikuwa askari. Sisi ni Wanubi, watu ambao wazee wao waliletwa huku na Waingereza wakiwa na bunduki begani. Kiswahili hiki nilikipata kambini. Kusoma najua kidogo, na tarakimu najua sana. Nilianza kwa kubeba magunia ya watu mgongoni, nikaishia kununua kahawa, mahindi na maharage kwa miaka arobaini, na leo ghala ni langu na mizani ni yangu. Hakuna aliyenipa. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya, na kujisifu kumo.

Kazi hiyo imenifundisha kitu kimoja zaidi ya vyote, nacho ni namna watu wanavyodanganya uzito. Nimeona kahawa iliyomwagiwa maji. Nimeona mawe katikati ya maharage, na siku moja kufuli zima la chuma ndani ya gunia la mahindi. Mkono wangu ukiinua gunia, unajua. Vijana wa sokoni walikuwa wakisema mzee huyu usimletee jiwe, atalitaja na jina lake.

Sasa binti yangu. Ni kitinda mimba wangu, na aliolewa na polisi, mtu wa kaskazini, Mkristo. Sikuzuia ndoa, lakini kwa miaka miwili nilimpa mkwe wangu salamu tu, hakuna zaidi. Mimba ya kwanza ilipofika mwezi wa saba, presha ya binti ilipanda vibaya. Mumewe alikuwa kazini mbali, Karamoja. Nilimpeleka mimi hospitali, nikatia kidole gumba kwenye karatasi ya upasuaji kwa sababu mkono ulikataa kuandika, na mtoto akatolewa. Mvulana. Kilo moja na gramu mia tatu na kumi. Kuku wangu wa Idi huwa wanazidi hapo.

Sista wa chumba kile alikuwa Mganda, mfupi, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniita jjajja, kama wanavyowaita babu hapa kwetu.

"Jjajja, hiyo ni nini mkononi?"

"Chumvi."

"Mtoto hali chumvi."

"Si ya mtoto. Ni ya mizani yako."

Aliniangalia juu ya miwani. "Na mimi nikija ghalani kwako na maharage yangu, nije na chumvi?"

"Njoo nayo. Utakuwa wa kwanza mwenye akili."

Nilidhani atanifukuza. Aliichukua pakiti, akaifuta kwa spiriti pande zote, akaiweka kwenye ile mizani yenye bakuli jeupe. Mia tano na nne.

"Umeridhika?"

"Kwa leo."

Kisha akampima mjukuu wangu mbele yangu, nami nikaona wanavyofanya. Ilikuwa majira ya mvua na chumba kilikuwa na ubaridi, na mtoto njiti akipata baridi anaharibika upesi. Kwa hiyo hawakumvua kila kitu. Walimwachia kofia ya sufu na nepi, maana uzito wa kofia wanaujua, gramu kumi na tano, na wa nepi wanaujua, halafu wanaukata. Nilifurahi kuona hivyo. Ndivyo ninavyokata uzito wa gunia tupu. Baada ya hapo sista alitia nukta ya wino kwenye karatasi yenye mistari, akaning'iniza karatasi pale kwenye kitanda cha kioo. Kila siku nukta moja. Nukta zikipanda, mtoto anakua. Hilo halikuhitaji darasa la nne.

Nukta ya pili ilishuka. Ya tatu ikashuka.

"Nani anampunguza?" niliuliza.

"Hakuna, jjajja. Ni maji ya mwilini yanatoka. Wote hushuka siku za kwanza, halafu wanapanda."

Hilo nililielewa. Maharage mabichi ukiyaanika yanapungua uzito, na hakuna aliyeiba. Lakini siku ya sita alikuwa na elfu moja mia moja na themanini, na siku ya tisa alikuwa na gramu sita tu juu ya hapo. Daktari wao, mwanamke mrefu wa maneno machache, alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu kuliko aliosimama mbele ya mtoto. Alisema tunangoja. Akianza kupanda, tutajua maziwa anayopata yanatosha. Asipopanda, tutaongeza, ila kwa uangalifu, maana tumbo la mtoto wa umri ule likilazimishwa linapasuka.

Maziwa yenyewe yalikuwa ya kuhesabu matone. Binti yangu aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, kidonda cha tumbo bado kibichi, akajikamua kwenye kikombe kidogo, na sista akayavuta kwa bomba la sindano na kuyapitisha kwenye mrija uliopita puani mwa mtoto. Binti yangu alipoingia alikuwa haangalii uso wa mwanawe kwanza. Aliangalia karatasi.

"Baba, ni maziwa yangu," aliniambia siku hiyo ya tisa. "Ni mepesi. Angalia, kama maji ya mchele."

Nilimwambia asiseme upuuzi. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo.

Siku hiyohiyo sista aliniomba jambo. Mtoto njiti anahitaji kulazwa kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, ndipo anapata joto na nguvu yake yote inakwenda kwenye kukua. Wanaita kangaruu. Mama alikuwa hawezi zaidi ya saa moja, kizunguzungu kilimkamata.

"Jjajja, fungua shati umbebe."

"Mimi?"

"Una kifua?"

"Ninacho."

"Basi."

"Mimi si mwanamke, sista."

"Mtoto hajui."

Nilikataa. Kuna wanawake sita mle ndani, wakwe za watu, wasichana wa kazi, nami nina miaka sabini na zaidi, nivue shati nionekane mbavu? Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la veranda. Hapo ndipo dada yangu mkubwa, anayekaa Kasubi, aliponikuta.

Dada yangu alikuwa na kitambaa mkononi, na ndani ya kitambaa hirizi ya nyumbani kwetu. Ni ya bibi yetu. Ngozi nyeusi iliyoshonwa, ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ndani yake karatasi ya maandishi na kipande cha shaba. Kila mtoto wetu aliyezaliwa kabla ya siku zake ameivaa, na mimi mwenyewe niliivaa, maana nilizaliwa hivyohivyo kambini na wakasema sitafika Ijumaa.

"Mfunge mtoto," alisema.

"Mama yake hataki. Aliahidiana na mumewe, hakuna hirizi, hakuna msalaba, mpaka mtoto akue. Na hospitali hawaruhusu kitu chochote kitandani, wanasema uchafu."

"Nani amesema waione?"

Dada yangu ni fundi wa sufu. Alikuwa amefuma kofia ya mjukuu, ya buluu, yenye kifundo kikubwa cha nyuzi juu. Alikifungua kifundo hicho palepale kwenye benchi, akaisukuma hirizi ndani, akashona. Ukiiangalia, kofia tu. Mimi siamini sana mambo haya. Lakini nilikuwa nimekataa kufungua shati, na mtu aliyekataa jambo moja hutafuta jingine la kufanya. Niliichukua kofia ile, nikampelekea sista kwa mkono wangu huu, nikasema shangazi wa mama yake amemfumia. Sista akaisifu, akambadilishia.

Asubuhi yake mtoto alikuwa na elfu moja mia mbili na kumi na mbili.

Gramu ishirini na sita kwa siku moja. Binti yangu alilia akacheka. Sista alitia nukta, akaipigapiga kwa kalamu, akasema, "Umeona, jjajja, ameamka." Nilitoka veranda nikampigia dada yangu.

"Imefanya kazi," nilisema.

"Nilikwambia," alisema.

Soma hapo tena. Mtu wa miaka arobaini kwenye mizani. Mtu wa chumvi. Niliona uzito umepanda baada ya kutia kitu kwenye kofia, nikasema ni baraka. Wazo la pili halikunijia. Ningekuwa ghalani kwangu, muuzaji yeyote angenifanyia hivyo, ningemshika kabla hajateremsha gunia.

Siku mbili zilizofuata nukta zililala, gramu mbili juu, gramu moja chini. Daktari alisema si vibaya, aliruka sana siku ile, sasa anapumzika, maziwa yabaki yaleyale. Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Nilitembea mle ndani kifua mbele. Nilimweleza hadi mama wa kitanda cha pili namna ya kusoma karatasi.

Siku ya kumi na tatu nilifika nikakuta watu wamesimama kwenye kitanda chetu. Mtoto alikuwa ametapika maziwa kidogo alfajiri, na walipompima akasoma elfu moja mia moja na tisini. Gramu ishirini na tatu zimepotea tangu jana. Daktari alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, na kila neno lake nilikuwa nalisikia. Kushuka ghafla hivi pamoja na kutapika, huenda ni ugonjwa umeingia kwenye damu au tumbo. Tusimamishe maziwa. Tumrudishie dripu. Tumtoe damu tupime.

Damu ya mtoto yule ilikuwa kidogo kuliko chai ya kikombe. Mkono wake ulikuwa mwembamba kama kalamu, na nilishaona wanavyotafuta mshipa, mara tatu, mara nne.

Binti yangu alikuwa kwenye kiti chake na kikombe cha maziwa aliyotoka kukamua. Alimnyooshea sista.

"Yamwage," alisema. "Yanamuua."

Mimi, Mungu anisamehe, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba hirizi imetolewa. Niliangalia kichwa cha mtoto. Kofia ilikuwa nyeupe, ya wodi.

"Kofia yake iko wapi?" niliuliza.

"Imetapikiwa, iko kwenye beseni la kufuliwa," alisema sista bila kugeuka. Alikuwa anafungua karatasi ya sindano.

Nilikwenda kwenye beseni, nikaiokota. Na hapo mkono wangu ulijua kabla yangu. Uliinua kofia ya mtoto mchanga, ukakuta jiwe kwenye gunia.

Nitasema ukweli, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika. Sikusema papo hapo. Nilisimama na ile kofia, nikamwona sista anafuta mguu wa mtoto kwa pamba, na nikafikiri, labda nisubiri. Labda ni ugonjwa kweli. Labda wakipima damu watakuta hakuna kitu, watarudisha maziwa, na hakuna atakayejua. Nilifikiria pakiti ya chumvi. Nilifikiria mama wa kitanda cha pili. Hayo yote yalipita kwa muda wa kufuta mguu mdogo kama kidole changu. Kisha binti yangu akaweka kikombe sakafuni, akageuza uso ukutani, na sikuweza tena.

"Sista, ngoja. Pima kofia hii."

"Jjajja, leo si siku ya chumvi."

"Pima kofia."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yangu, maana daktari alimwonyesha kwa mkono kwamba apime. Gramu thelathini na saba. Akapima kofia nyingine ya wodi. Kumi na tano. Sista alichukua mkasi, akakata kifundo, na hirizi ikaanguka kwenye sinia la chuma. Ililia kama sarafu.

Wanawake wote sita walikuwa wamegeuza shingo kutazama sinia.

"Ni nani?" daktari aliuliza.

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tisa mchana. Asubuhi tatu alipimwa nayo."

Alichukua kalamu, akatoa ishirini na mbili kwenye kila moja ya nukta zile tatu, pembeni ya karatasi. Hakunipigia kelele. Ingekuwa afadhali. "Basi leo hajashuka," alisema. "Ila hakuwahi kupanda. Kwa siku tatu hakukua, na mimi nikaacha maziwa palepale kwa sababu nilidhani anakua. Angeongezewa juzi." Akamshika mtoto tumbo, akasikiliza pumzi, akaangalia joto, tena na tena. Kisha akasema sindano isubiri mpaka jioni, atakuja kumwona mwenyewe, na maziwa yasisimamishwe. Yaongezwe.

Sista alikunja ile karatasi ya sindano polepole.

"Kichwa cha mtoto huyu bado ni laini kama ini," aliniambia. "Na umemlaza na chuma. Wewe, mwenye chumvi."

Niliichukua hirizi kwenye sinia, nikaitia mfukoni.

Binti yangu alikuwa amegeuka. "Baba, ulinisikia nikisema ni maziwa yangu."

"Nilikusikia."

"Na leo umenisikia nikisema yamwagwe."

"Nimesikia."

Aliinama kwa maumivu, akaokota kikombe chake sakafuni, akakifunika kwa kiganja. Hakusema nami tena kwa siku mbili. Chakula nilichomletea alikula, shukrani hakutoa.

Jioni daktari alirudi, akamkuta mtoto hajatapika tena, joto lake sawa. Damu hawakuitoa. Nilimpigia mkwe wangu mwenyewe, kabla hajasikia kwa mkewe. Nilimweleza yote, kofia, hirizi, nukta tatu.

"Mzee," alisema, "mama yangu naye alinipa kitu, nikipata ruhusa ya kazi nije nimwekee mtoto chini ya godoro. Kiko mfukoni mwangu hapa."

"Kibaki hukohuko," nilimwambia.

"Ndiyo, mzee."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza marefu.

Kesho yake sista alisimama mbele yangu, akasema neno moja tu, "Shati." Nilifungua vifungo. Wanawake wa mle ndani, nawashukuru, walijifanya wanatafuta vitu kwenye mifuko yao. Walimlaza mjukuu wangu katikati ya kifua, kichwa chini ya kidevu changu, wakatufunga pamoja kwa kitenge. Mimi ninayekisia gunia kwa jicho nilijaribu kukisia uzito wake nikashindwa. Kulikuwa na joto, na kitu kinachopumua haraka kuliko mimi, na miguu miwili inayosukuma tumbo langu kama inatafuta pa kukanyaga. Nilikaa saa tatu. Mgongo uliuma na sikusogea. Nilifanya hivyo kila siku, na baada ya wiki binti yangu alikuwa akija kunifunga kitenge yeye mwenyewe. Mara ya kwanza alikaza mno.

"Unanikaba," nilisema.

"Vumilia," alisema.

Kila asubuhi, kabla hajapimwa, mimi ndiye niliyekuwa nikichukua kofia, naigeuza ndani nje, naikung'uta mbele ya sista na kuiweka kwenye mizani peke yake. Kumi na tano. Hakuniomba. Nukta ya kumi na nne ilipanda gramu nane. Ya kumi na tano kumi na moja. Zikaendelea kupanda kama mtu mzima anavyopanda ngazi, anasimama, anashika ukuta, anaendelea. Wiki ya tano alivuka kilo moja na mia nane, ananyonya mwenyewe, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Hirizi nilimrudishia dada yangu. Alisema mtoto si amepona? Nikamwambia dada, usinianze.

Karatasi ile haikufutwa. Nilimwomba sista aitoe, aandike mpya, akasema karatasi ya mtoto haifutwi, ya makosa ni ya makosa. Alizizungushia nukta zile tatu wino mwekundu na kuandika pembeni neno la Kiingereza ambalo binti yangu alinisomea. Maana yake ni kofia, hakuna zaidi.

Sasa mtoto anatembea, na kila miezi kadhaa tunampeleka kliniki apimwe, ukuaji wake uangaliwe, maana walisema wafuatilie kwa miaka. Faili linakwenda naye. Kila mara tunakuta daktari mgeni, na kila daktari mgeni anafungua faili, anafuata nukta kwa kidole tangu mwanzo, na kidole kinasimama palepale.

"Hapa kulitokea nini?"

Binti yangu haniangalii. Anamfunga mtoto viatu. Mara ya kwanza nilidhani atasema yeye, nikangoja, naye akaendelea kufunga kamba ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Basi nilielewa kwamba hiyo ni kazi yangu mle kliniki, na nitaifanya kila watakapouliza, mpaka mtoto mwenyewe akue asikie.

"Ni mimi," nasema, na ninaeleza tangu chumvi.